Kalkulasi Hukwamia Darasa la Tano

Wazazi wanaoniletea watoto wao kwa tuisheni ya jioni huja na maelezo yaleyale: yuko kidato cha sita, anasoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), kalkulasi, ile hesabu ya miteremko na mabadiliko, inamshinda. Siku ya kwanza kalkulasi siigusi. Nampa mtoto akokotoe 10 − 3 + 2 bila kikokotoo, nami nakaa kimya.

Wapo wanaoandika 5. Ukiwauliza wameipataje, wanakutajia MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Si "jumlisha" inatangulia "toa"? Basi 3 + 2 kwanza, halafu 10 − 5. Wamekaa na kifupisho hicho tangu shule ya msingi na hakuna aliyewaambia kwamba kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, vikikutana unatoka kushoto kwenda kulia, na jibu ni 9. (Kwenye kuzidisha na kugawanya kifupisho chenyewe hakina madhara: 12 × 6 ÷ 3 ni 24, uanze na kipi. Ndiyo maana kosa hili linaweza kujificha miaka.)

Msimamo wangu ni kwamba mwanafunzi anayedhani ameshindwa na kalkulasi, mara nyingi ameshindwa na sehemu za darasa la tano na mabano ya kidato cha pili. Na mazoezi tunayompa hayafiki huko.

Chukua swali la kawaida la kidato cha tano: tafuta mteremko wa y = 1/x kwa kuanzia kwenye msingi, bila kanuni ya mkato. Mwanafunzi anaandika [1/(x+h) − 1/x] ÷ h (h ni hatua ndogo kutoka x) haraka, maana hiyo kaikariri. Kisha kalamu inasimama. Kinachotakiwa hapo ni kutoa sehemu mbili zenye asili tofauti. Asili ya pamoja ni x(x+h). Juu inakuwa x − (x+h), yaani −h. Hiyo h inakatana na ile tunayogawanya kwayo, tunabaki na −1/[x(x+h)]. Mpaka hapo kalkulasi haijaanza. Inaanza na kuisha kwenye mstari wa mwisho: h ikikaribia sifuri, tunapata −1/x². Aliyekosea alama ya kutoa kwenye mabano atapoteza swali lote, na atarudi nyumbani akisema kalkulasi ni ngumu.

Matokeo ya kidato cha nne tunayajua. Kwa miaka mingi waliofaulu Hisabati hawajafika hata theluthi moja ya watahiniwa. Kila yakitoka tunaambiana dawa ni mazoezi, na mimi sipingi. Ninachouliza ni mazoezi ya namna gani. Vitabu vyetu vingi hupanga maswali kwa topiki: ishirini ya milinganyo ya kipeo cha pili, yote yamewekwa chini ya kichwa cha habari "Milinganyo ya Kipeo cha Pili". Mtoto hahitaji kufikiri ni njia gani itumike, kichwa cha habari kimeshamwambia. Kwenye mtihani hicho kichwa hakipo.

Marekani, watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor walichapisha mwaka 2007 jaribio lililowahusu wanafunzi wa chuo waliokuwa wakijifunza kutafuta ujazo wa maumbo manne. Kundi moja lilifanya maswali ya umbo moja mpaka yaishe ndipo likaenda kwa lingine. Kundi la pili lilipewa maswali yaleyale yamechanganywa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilipata asilimia 89, la pili 60. Wiki moja baadaye wakapewa mtihani. Kundi la kwanza likaambulia asilimia 20, la pili 63. Mwalimu anayepita katikati ya madawati anaiona ile 89 na kuridhika. Ya wiki ijayo haioni.

"Past pepa" zingefaa sana hapa, kwa kuwa zenyewe zimechanganywa tayari. Tatizo ni jinsi zinavyofanywa: karatasi ya majibu iko pembeni, mtoto anasoma swali, anachungulia hatua ya kwanza, anasema "aah, kumbe", anaendelea. Huko ni kusoma hesabu. Kuzifanya ni jambo jingine.

Halafu kuna mantiki, ambayo tunaichelewesha mpaka kidato cha tano na kuifundisha kama kujaza jedwali la ukweli: K, K, S, K (K kwa "kweli", S kwa "si kweli"). Wengi hujaza bila kosa, kisha wanaigeuza "kama... basi" kinyumenyume bila hata kushtuka. Mtoto wa darasa la sita anaweza kabisa kuelewa kwamba namba inayogawanyika kwa 6 hugawanyika kwa 2, lakini inayogawanyika kwa 2 si lazima igawanyike kwa 6. Mwonyeshe 8, yamekwisha. Asipolipata jambo hilo mapema, atalilipia juu. Ataambiwa kwamba grafu laini ikiwa kwenye kilele mteremko wake ni sifuri, naye ataamini kila penye mteremko sifuri pana kilele au bonde. Mpe y = x³. Pale x = 0 mteremko ni sifuri, na grafu inaendelea kupanda.

Kosa hilohilo liko kwenye √(x + 6) = x. Ukiweka pande zote kwenye kipeo cha pili unapata x² − x − 6 = 0, na majibu 3 na −2. Wanafunzi wangu karibu wote huandika yote mawili. Lakini ukirudisha −2 mwanzoni, kushoto ni 2 na kulia ni −2. Njia ya kwenda ilikuwa halali, ya kurudi haikuwa, na hakuna kanuni ya aljebra iliyovunjwa. Kilichokosekana ni mantiki.

Mwenye mtihani mwezi wa tano ataniuliza muda wa kurudi darasa la tano anautoa wapi. Hatakiwi kurudi aanze upya. Robo saa kabla ya topiki ya siku, maswali sita bila mpangilio: sehemu, asilimia, mabano, kikomo (kama ile h ikikaribia sifuri), swali moja la "kama... basi", na moja alilokosea wiki iliyopita. Kikokotoo kikae kwenye begi, na kila jibu lirudishwe kwenye swali lake kabla ya kupigiwa mstari. Mzazi mmoja alifungua daftari la mwanawe, akakuta 3/4 − 2/5 juu ya ukurasa wa kidato cha sita, akanipigia simu kuuliza analipia nini. Nilimwomba ampe mtoto swali hilo palepale, simu ikiwa hewani.