Posta ya zamani ilikuwa safi kwa nani?

Ile picha imeanza kuzunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp. Mnaijua: barabara imenyooka, miti imejipanga pande zote mbili, hakuna bajaji wala ganda la muwa. Chini wameandika: "Dar es Salaam ya Mjerumani. Tulikosea wapi?" Mjomba wangu mmoja akajibu kwa emoji za machozi.

Na mimi nina swali. Babu yako yuko wapi kwenye hiyo picha, mjomba?

Hiyo ni barabara ya Samora, pale Posta katikati ya mji, enzi inaitwa Unter den Akazien, kabla Mwingereza hajaigeuza Acacia Avenue. Usafi wake ulikuja kwa kutuweka nje. Tangu 1891 Mjerumani alikuwa na kanuni za ujenzi: upande ule wa mji, nyumba ziwe za Kizungu. Mwingereza akakazia 1924, mji ukakatwa kanda tatu. Wajanja, hawakuandika rangi ya mtu, waliandika aina ya nyumba. Wewe una fito, udongo na makuti? Haya, Kariakoo. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, mnajua wenyewe. Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili hewa yetu isiwafikie wakubwa. Hapo ningekuwa mimi ningesema mji ni safi pia, kama mwenye nyumba anayesifia sebule ambayo watoto wamekatazwa kuikanyaga.

Wenyeji waliingia, ndiyo. Waliingia kufagia, kufua, kupika na kubeba. Zipo picha nyingine za miaka hiyohiyo ambazo hakuna anayezisambaza: wafungwa wameunganishwa kwa mnyororo shingoni, wako kazini, askari kasimama pembeni na bunduki. Ukileta ubishi, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano. Bibi yangu alizaliwa Mjerumani ameshaondoka, lakini tukichelewa kurudi kisimani alitutishia kwa maneno hayohayo: "Leo mtakula hamsa ishirini!" Tulidhani ni utani wake tu.

Sawa, walijua kujenga. Makanisa ya Azania Front na Mtakatifu Yosefu yalimalizika 1902 na bado yanasimama, wakati jengo la zamani la Salamander tumeliangusha wenyewe na Mjerumani hakuwepo. Kuhusu mitaro sina utetezi, mvua za Aprili zinatuumbua kila mwaka.

Ila hilo la mitaro ni la halmashauri. Halinifanyi nimlilie gavana.

Siku ukipita pale kwenye sanamu ya Askari, ile ya 1927, acha kupiga selfi kidogo usome maandishi. Yanawataja wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono hiyo ilipiga kambi Kariakoo, na wengi hawakurudi makwao. Hao ndio watu wetu wa miaka ile, mjomba. Kwa hiyo ukiituma tena hiyo ya miti, nami naituma ya minyororo papo hapo chini yake, grupu zima waone.