Laini ya akiba isiyoshika zamu

Kinachonikera mno ni laini ya akiba ya intaneti inayolipiwa kila mwezi lakini haishiki zamu laini kuu inapokatika. Mara nyingi ruta, kifaa kinachochagua data ipite laini ipi, huangalia tu kama kebo fupi inayoiunganisha na modemu iko hai. Maadamu modemu inawaka, njia kuu hubaki kwenye jedwali la njia, yaani orodha ambayo ruta hufuata kupeleka data, hata kama mkongo umekatwa kilomita 40 mbele, na data yote huendelea kupelekwa kusikofika. Ingetosha kuiagiza ruta itume pingi, yaani ujumbe mfupi unaosubiri jibu, kwa anwani iliyo mbali kila baada ya sekunde chache, na majibu yakikosekana mara 3 mfululizo, iiondoe njia hiyo ili laini ya akiba ishike zamu. Jana nimeyakuta tena yaleyale, kwa kuwa aliyeifunga hakuwahi kuchomoa kebo ya upande wa nje ili ajaribu.