Wakazi waitwe kabla ramani haijachorwa

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anapotangaza mkutano wa "kupitia ramani", mara nyingi ramani yenyewe imekwisha kuchorwa. Wakazi huenda kuangalia nyumba zao zimeangukia wapi, wakasaini karatasi ya mahudhurio, wakaondoka. Taarifa ya mradi itaandika kwamba wananchi walishirikishwa. Ndiyo maana naona mjadala wa kama wakazi waandae wenyewe miongozo ya ujenzi ya mitaa yao, au kazi hiyo waachiwe wataalamu, umekwama mahali pasipostahili. Tunabishana kama wananchi wanajua mipango miji au hawajui, na tunaacha kuuliza wanaitwa lini, na ni kina nani wanaoitwa.

Dar es Salaam haijakosa mipango. Tulikuwa na mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa jiji zima, wa 1949, ukaja wa 1968, kisha wa 1979, na sasa upo wa 2016 hadi 2036. Ile ya 1968 na 1979 iliandaliwa na kampuni za Kanada. Lakini jiji hili, ambalo sensa ya 2022 ilikuta lina watu 5,383,728, limejengwa kwa sehemu kubwa na wenyeji wenyewe, chumba kimoja baada ya kingine, nje ya ramani hizo zote.

Wanaotetea ushirikishwaji wana hoja nzito, nayo ni ujuzi wa mahali. Mtaalamu akiangalia picha ya satelaiti ya Tandale au Keko anaona mapaa. Haoni uchochoro ambao jeneza haliwezi kukata kona, ikabidi lipitishwe uani kwa jirani. Haoni mahali ambapo gari la kunyonya vyoo linaishia, wala nyumba ambayo masika yakianza hutapisha choo na uchafu ukateremkia kwa walio bondeni. Hajui kibaraza kipi ni jiko la mama ntilie asubuhi na baraza la wazee jioni. Na mwongozo wa ujenzi wa mtaa unahusu mambo hayohayo: upana wa njia, kibaraza kitokeze hadi wapi, ukuta uwe na urefu gani, maji ya paa yaelekee wapi.

Mifano ipo. Hanna Nassif, Kinondoni, miaka ya 1990, wakazi walishiriki kupitia kamati yao na wakafanya kazi wenyewe kwenye mifereji na barabara za mtaa uliokuwa ukijaa maji. Ubungo Darajani wakazi walikubali kumega maeneo yao ili njia zipatikane, jambo ambalo amri kutoka juu hulipata kwa tingatinga na kesi. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwaunganisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi kuchora mitaa na mifereji inayofurika.

Upande wa pili, wa wanaotaka wataalamu waamue, nao una haki ya kusikilizwa. Machi 2013 jengo la ghorofa lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36. Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo. Nondo na uzito wa zege si mambo ya kupigia kura. Vilevile mto haujui mipaka ya mtaa. Msimbazi unapita Vingunguti na Kigogo hadi Jangwani, na mtaa mmoja ukiinua kingo zake, maji yanahamia kwa wengine. Kwa hiyo ilikuwa sahihi kwamba mwaka 2018 mpango wa bonde hilo ulijadiliwa na wataalamu, taasisi na wakazi kwa pamoja, wala mitaa haikuachiwa kila mmoja upange kwake.

Ila hofu yangu kubwa iko kwa wapangaji. Katika mitaa mingi ya uswahilini wanaolala pale ni wapangaji wa chumba kimoja, wengine wamelipa kodi ya miezi sita mbele, na mkutanoni wanaozungumza ni wenye nyumba. Kanuni ya kupanua njia inaweza kuvunja vyumba vya uani, na anayeishi humo hakuwepo ilipokubaliwa. Kanuni ya kukataza biashara kibarazani itapendeza kwa mwenye geti, lakini itamwondolea mama mkate wake. Tusisahau pia kwamba jiji hili liliwahi kugawanywa kwa kanuni za ujenzi. Wakoloni walitenga Uzunguni, Uhindini na Uswahilini kwa kutaja aina ya jengo linaloruhusiwa kila eneo, na rangi ya mtu ikafuata. Leo wakazi wa Masaki, eneo la wenye uwezo, wakiachiwa kujiandikia kila kitu, wanaweza kumfungia nje muuza genge na bodaboda kwa maneno mazuri kuhusu mandhari.

Pamoja na hayo, nasimama upande wa wakazi. Halmashauri zetu hazina wakaguzi wa kuingia kila uchochoro. Wanaoona msingi ukichimbwa Ijumaa jioni ni majirani na mjumbe wa shina, na hawawezi kulinda kanuni wasiyoijua, iliyoandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa kabatini. Halmashauri ianze kwa kutaja hadharani yasiyojadiliwa: uimara wa jengo, bonde la mto, hifadhi ya barabara. Yaliyobaki yaandikwe mtaani, kwa Kiswahili, kwa kurasa chache na michoro ambayo fundi wa mtaani anaisoma. Wapangaji wawe na kikao chao, na wenye nyumba chao, kabla ya wote kukutana. Kisha baraza la madiwani lipitishe makubaliano hayo kuwa sheria ndogo na yaambatane na kibali cha ujenzi, maana bila hivyo afisa mipango miji mpya atakapohamia, makubaliano yote yataanza upya.

Ratiba nayo ipangwe kwa kuwafikiria wanaokosekana. Mkutano wa Jumanne saa nne asubuhi unawakuta wauza mboga wako soko la Ilala, vibarua viwandani na makonda barabarani. Jumapili jioni, uwanja wa shule ya msingi ukiwa wazi, ndipo wengi wao wanapatikana.