Ramani ya shule ikishagongwa mhuri

Serikali yoyote inapotangaza kujenga shule za umma nyingi kwa mkupuo, malalamiko huwa yaleyale. Wenye mradi wanasema ramani zimekaa miezi kadhaa mezani kwa wakaguzi. Wakaguzi wanajibu kwamba ramani zililetwa nusunusu, hazina hata vipimo vya udongo. Watoto nao wanaendelea kubanana au kusoma kwa zamu. Wakubwa wakichoka kusikiliza, huja na dawa moja kati ya mbili: kuongeza saini au kuzifuta. Binafsi naona kila upande una hoja ya kweli, ila ugomvi wenyewe umekwama kwenye karatasi, na majengo hayaangukii kwenye karatasi.

Tuanze na wanaotetea ukaguzi mkali, maana wana mfano mgumu kuupangua. Tarehe 10 Machi 1933, saa 11:54 jioni, tetemeko liliipiga Long Beach, California. Zaidi ya majengo 230 ya shule yalianguka, yaliharibika vibaya au yalionekana hayafai kutumika tena. Wanafunzi walikuwa wameshatoka madarasani. Lingetokea saa chache kabla, hesabu ya vifo ingekuwa nyingine kabisa. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 10 Aprili, jimbo lilikuwa na sheria mpya, inayojulikana kama Sheria ya Field. Iliamuru ramani ya kila shule ya umma ichorwe na mtaalamu mwenye leseni, ipitiwe na ofisi ya jimbo badala ya mamlaka ya eneo, na kazi isianze kabla ya idhini. Iliamuru pia mkaguzi awepo kazini ujenzi ukiendelea, na mwishoni wahusika waape kwa saini zao kwamba kilichojengwa ndicho kilichochorwa.

Tangu hapo jimbo hilo limetikiswa mara nyingi, na hakuna mwanafunzi aliyeuawa na jengo la shule ya umma lililojengwa chini ya sheria hiyo. Bahati nayo ipewe haki yake: tetemeko la Loma Prieta la 1989 lilipiga jioni, na la Northridge la 1994 lilipiga alfajiri, tena siku ya mapumziko. Hata hivyo majengo yenyewe yalisimama, na hilo si suala la bahati.

Wanaopinga urasimu nao wana hoja ambayo watetezi hupenda kuiruka. Ramani inaposubiri, watoto hawaendi kusubiri mahali salama. Wanabaki kwenye jengo lilelile la zamani lenye kuta zilizopasuka, ambalo pengine halikuwahi kukaguliwa na mtu tangu lijengwe. Kwa hiyo mkaguzi anayerudisha ramani kwa sababu ukubwa wa ofisi ya mwalimu mkuu umepungua nusu mita, kiuhalisia anawaongezea watoto muhula mwingine chini ya paa bovu. Bei za saruji na nondo zinapanda, zabuni inapitwa na wakati, na mradi wa madarasa 6 unaishia kuwa wa 4. Ucheleweshaji una majeruhi wake, ila hawaandikwi popote.

Tena sheria ikizidi uwezo wa ofisi inayoisimamia, watu huizoea na kuipita pembeni. Huko huko California, waandishi wa habari walifichua mwaka 2011 kwamba maelfu ya miradi ya shule ilikuwa imekamilika bila hati ya mwisho ya usalama. Mingine ilipungukiwa na karatasi tu, mingine ilikuwa na kasoro halisi za ujenzi, na haikuwa rahisi kuitofautisha. Hapo ndipo urasimu unapokuwa hatari badala ya kero.

Njia ya kati inayopendwa na wizara nyingi ni ramani ya mfano: inachorwa mara moja, inaidhinishwa mara moja, kisha inajengwa kila mahali. Inaokoa muda na fedha za wasanifu, na fundi akishajenga darasa la kwanza la aina hiyo, la tatu analijenga kwa wepesi zaidi. Ubaya wake ni kwamba kosa nalo linajengwa kila mahali. Peru ilijifunza hilo kwa vitendo. Ramani yake ya mfano ilikuwa na kuta fupi chini ya madirisha, zikiwa zimeungana na nguzo. Tetemeko likija, sehemu ya chini ya nguzo inakuwa imebanwa na ukuta. Kinachobaki huru ni kipande kifupi cha pembeni mwa dirisha, na nguvu zote zinamalizikia hapo. Nguzo inakatika palepale, usawa wa kingo ya dirisha. Baada ya tetemeko la Nazca la 1996, lililoharibu hata shule mpya, kanuni zilibadilishwa mwaka 1997, nguzo zikaongezwa ukubwa na ukuta ukatenganishwa nazo. Tetemeko la kusini mwa nchi la 2001 likawa kama mtihani: shule za ramani mpya zilitoka karibu bila mchubuko, wakati zile za zamani zilivunjika palepale pa siku zote.

Mimi nasoma mambo mawili hapo. Ramani ya mfano inastahili ukaguzi mkali kuliko ramani nyingine yoyote, kwa sababu saini moja inabeba mamia ya majengo. Na ikishapita, hakuna haja ya kila halmashauri kuirudia upya kuanzia ukurasa wa kwanza. Kinachobaki kuulizwa ni cha kiwanja husika: udongo, mteremko, mkondo wa maji ya mvua, upepo, na njia ya watoto kutoka moto ukizuka.

Lakini mfano unaonitia wasiwasi zaidi unatoka Uskoti, kwa sababu huko michoro haikuwa tatizo. Tarehe 29 Januari 2016, wakati wa dhoruba, ukuta wa shule ya msingi ya Oxgangs mjini Edinburgh ulianguka kabla watoto hawajafika. Yalimwagika matofali ya tani 9 hivi, mahali ambapo wanafunzi wangeweza kuwa wanapita. Shule 17 zilizojengwa chini ya mkataba mmoja zilifungwa. Uchunguzi ulipotolewa mwaka uliofuata, chanzo kilikuwa kidogo cha kuudhi: vishikizo vya chuma vinavyofunga tabaka mbili za ukuta havikuingia vya kutosha kwenye mchanganyiko wa saruji unaoshikanisha matofali. Aliyekosekana ni mtu wa upande wa mwenye jengo wa kusimama pale tofali likipangwa, kwa kuwa usimamizi uliachiwa mkandarasi ajikague mwenyewe.

Kujikagua ndiko hasa kunakoharibu ukaguzi wa shule za umma. Mwenye jengo ni serikali, mkaguzi analipwa na serikali, na tarehe ya kukata utepe imeshatangazwa. Nchini China, tetemeko la Sichuan la Mei 2008 liliacha wanafunzi 5,335 wakiwa wamekufa au hawajulikani walipo, kwa takwimu rasmi, na wazazi wengi walihoji kwa nini madarasa yaliporomoka huku majengo ya jirani yakibaki yamesimama. Katika mfumo wa aina ile, idhini peke yake haitoshi. Anayehitajika ni mtu mwenye uwezo wa kumwambia mkubwa kwamba zege hili halimwagwi leo.

Ndiyo maana sikubaliani na pendekezo linalovuma siku hizi, kwamba ofisi isipojibu ndani ya muda fulani basi ramani ihesabiwe imepita. Kwa idadi ya kabati na rangi ya kuta, sawa, kimya kihesabiwe ridhaa. Kwa msingi, nguzo, paa na milango ya dharura, hapana. Ofisi ikishindwa kujibu kwa wakati, mwombaji aruhusiwe kuipeleka ramani kwa mhandisi huru aliyesajiliwa, kwa gharama ya ofisi iliyochelewa, na jina la mhandisi huyo liandikwe kwenye kibali.

Muda utakaookolewa hapo uhamie kwenye eneo la ujenzi. Mradi mdogo hauwezi kumlipa mkaguzi wa kushinda hapo kila siku, na haihitajiki. Zipo siku tatu ambazo zikipita hakuna kinachoonekana tena: kabla ya kumwaga zege la msingi, kabla ya kufunika nondo za mkanda wa juu, yaani ule wa zege unaofunga kuta kwa juu, na kabla dari halijaficha kenchi. Mkandarasi atoe taarifa mapema, mkaguzi aje, apime, asaini au azuie. Wakandarasi watauliza, na wana haki: mkaguzi asipotokea, vibarua wakae hadi lini wakilipwa bure? Kwangu, siku mbili za kazi zinatosha, na malipo ya vibarua kuanzia siku ya pili yatoke kwenye bajeti ya ofisi ya mkaguzi.