Pima upepo kabla hujanunua tairi lingine

Fundi aliyekuwa akitutengenezea baiskeli kule Moshi alikuwa na kipimo kimoja tu cha upepo. Anapiga pampu mpaka tairi limekakamaa, analibonyeza kwa kidole gumba, likikataa kubonyea basi kazi imekwisha, lete hela yake. Kwa Phoenix iliyobeba gunia la mahindi na mtu juu ya gunia, alikuwa sahihi kabisa. Mazoea hayo nilihamia nayo Ubelgiji, na yakanigharimu msimu mzima wa saiklokrosi.

Kwa asiyeujua mchezo huu: kuanzia Septemba hadi Februari, wakati Flandria yote, kaskazini mwa Ubelgiji, imelowa, watu hushindana kwenye njia ya mzunguko inayopita katika majani, tope, mchanga na mizizi. Penye ngazi au kilima kisichopandika unashuka, unaitupa baiskeli begani, unakimbia. Wakubwa, yaani wanaolipwa, hushindana kama saa moja, sisi wa kawaida dakika 40 hivi. Baiskeli yenyewe ukiiona kwa mbali utadhani ni ya barabarani, usukani wake umekunjwa kama pembe za kondoo, ila matairi yana meno. Na katika mashindano ya kimataifa shirikisho la baiskeli duniani, UCI, haliruhusu tairi lipite milimita 33. Kwa hiyo upana umeshaamuliwa. Wewe umeachiwa meno na upepo, na msimamo wangu ni kwamba upepo ndio wenye uzito zaidi, tena kwa mbali.

Msimu wangu wa kwanza nilikuwa najaza baa 3 (baa ni kipimo cha msukumo wa upepo), yaani PSI 43 na ushei kwa kipimo kingine kilichozoeleka. Kulikuwa na mahali njia inakata ubavu wa kilima, majani yamelowa, na kila nikifika hapo gurudumu la mbele linaondoka, nami chini. Nikaenda dukani kueleza shida yangu. Nikauziwa jozi ya matairi ya tope, yenye meno marefu, kwa zaidi ya euro 100. Hakuna aliyeniuliza najaza upepo kiasi gani. Jumapili iliyofuata nikaanguka palepale.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyekuja kumtazama mjukuu wake. Alisimama karibu na mimi wakati najifuta tope, akalibonyeza tairi langu kwa vidole viwili, akatikisa kichwa. Akainama, akafungua kofia ya vali na kuibonyeza kwa ukucha. Psss. Akabonyeza tairi tena. Psss nyingine, ndefu kidogo. Nilitaka kumzuia, maana kwa macho yangu lile tairi lilikuwa na pancha. Akaniambia nizunguke mara moja tu. Nilipofika kwenye ule ubavu, gurudumu lilishika. Nilihisi tairi likijilaza kwenye majani kama kiganja, na nikapita nikiwa bado juu ya baiskeli.

Sababu yake si ngumu. Tairi lililojaa sana hurukaruka juu ya kila mzizi na kila kishimo, na kila linapokuwa hewani halishiki kitu. Ukilipunguzia upepo linaumeza mzizi badala ya kuuruka, na sehemu inayogusa ardhi inaongezeka. Watu wengi huogopa kwamba litakuwa zito kusukuma. Kwenye lami, sawa. Kwenye majani na tope ni kinyume chake, kwa sababu nguvu iliyokuwa inakurusha juu sasa inakupeleka mbele.

Namba zangu ni hizi, nikiwa na kilo 74 na matairi ya tyubulesi, yaani yasiyo na tyubu ndani, ya milimita 33: majani makavu, baa 1.8 nyuma na 1.7 mbele. Tope, 1.5 na 1.4. Mchanga mwingi, naweza kushuka mpaka 1.3. Mbele huwa pungufu kidogo kwa sababu uzito mwingi umekaa nyuma. Usizichukue kama zilivyo, uzito wako ni wako. Anza juu kidogo, zunguka, punguza 0.1, zunguka tena. Utasikia mwenyewe ulipozidisha: ringi inagonga mzizi, tak, au tairi linayumba kwenye kona, au linapiga mbweu, yaani ukingo wake unaachia ringi kwa nusu sekunde na upepo unatoka kwa mkupuo. Hapo rudisha 0.1.

Kama bado unatumia tyubu, ongeza kama 0.4 juu ya namba hizo. La sivyo ringi itaibana tyubu kwenye jiwe na kuitoboa matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka. Matairi ya kushonwa na kugundishwa kwenye ringi, ambayo wakubwa wameyatumia miaka mingi, yanaweza kushuka mpaka karibu baa 1.2 na hata chini ya hapo bila kubana. Ni matamu sana kuendesha, lakini kuyagundisha ni kazi ya siku kadhaa na bei yake si ya mtu anayelipa kodi ya nyumba Gent.

Sasa geji. Pampu nyingi za kusimama zina geji inayofika baa 11, na kati ya 1 na 2 mshale husogea upana wa ukucha. Huwezi kupima 0.1 hapo. Nilinunua geji ndogo ya kidijitali kwa bei isiyofika robo ya yale matairi, na ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote katika mchezo huu. Pia inakuokoa na baridi. Ukijaza baa 1.6 sebuleni kwenye nyuzi 20, ukafika uwanjani kukiwa na nyuzi 2, tairi lako limeshuka mpaka kama 1.45 bila kuvuja hata chembe. Kwa hiyo pima uwanjani, tena baada ya baiskeli kukaa nje angalau nusu saa.

Meno nayo yana kazi yake, sikatai. Kwa mchanga kama wa matuta ya Koksijde na kwa majani makavu, meno madogo mfano wa tupa yanatosha, kwani unachotaka ni kuelea. Kwenye tope inabidi uliangalie tope lenyewe. Likiwa la uji, meno marefu yanapenya na kuikuta ardhi ngumu chini. Likiwa la ugali, muhimu ni nafasi kati ya jino na jino, tope lipate pa kudondokea, maana likiganda hapo unaendesha tairi kipara lenye uzito maradufu. Mtu wa jozi moja achukue meno ya wastani, aelekeze akili yake kwenye upepo.

Wakubwa nao hucheza pembeni mwa hatari hii. Mwaka 2021, katika mashindano ya dunia pale Ostend, kwenye mchanga wa ufukweni kabisa, Mbelgiji Wout van Aert alipata pancha na mpinzani wake Mholanzi, Mathieu van der Poel, akaondoka na ubingwa. Siku kama hiyo hunikumbusha kwamba hata mwenye mafundi na baiskeli za akiba hana namba isiyo na hatari.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani na baiskeli hii. Barabara ya vumbi yenye mawimbi na mawe makali haitaki namba za Flandria. Mdogo wangu na mimi tulipanda mpaka baa 2.4, na dawa ya pancha ndani ya tairi kwa ajili ya miiba ya migunga. Nikamwambia wazi kwamba kwa barabara zile milimita 33 ni nyembamba. Fremu yake ikiruhusu aweke 40 au zaidi, kisha ashushe upepo hatua kwa hatua kama nilivyofanya mimi. Amenitumia picha juzi: matairi mapya, na kidole gumba kimebonyea nusu ndani ya tairi. Anauliza 2.0 ni ndogo mno? Nimemjibu ashuke mpaka 1.9, apite njia ileile ya mtoni, halafu aniambie kama amesikia ringi.