Suruali Ndani ya Soksi

Muongozaji alisema mara mbili: suruali ndani ya soksi. Mara ya kwanza tukiwa pale Kasekela, mapokezi ya Hifadhi ya Gombe, tumeshalipa, mara ya pili tulipoanza kupanda bonde la Kakombe, kijia kikifuata maji. Baba mkwe, ambaye anarina asali huko Sikonge tangu sijazaliwa, hakuuliza kwa nini. Akainama, akachomeka, akafunga na kamba ya katani juu yake. Nikamwona kama refa wa ndondo. Mimi mtoto wa Ujiji, nimekula dagaa wa ziwa hili tangu sina meno, leo nifundishwe kuvaa suruali nikiwa Gombe?

Tukamkuta sokwe jike. Barakoa usoni, mita 10, hakuna kupiga kelele, na muda ni saa moja tu. Wengi wanajua sokwe wa hapa wanavua mchwa kwa vijiti vya majani, jambo alilolishuhudia Jane Goodall mwaka 1960. Huyu alikuwa na kazi nyingine. Alivunja tawi lenye urefu wa zaidi ya nusu mita, akapukutisha majani, akamenya gamba. Akapanda kimti chembamba, mguu mmoja kwenye tawi, akachovya fimbo kwenye shimo. Siafu wakapanda fimbo. Alipoichomoa, akaipitisha kwenye kiganja kwa mkupuo mmoja, donge lote likaingia mdomoni, akatafuna haraka haraka kabla hawajamtafuna yeye.

Nikajiuliza kwa nini ananing'inia mtini wakati ardhi ipo.

Kiota kikichokonolewa, siafu wanamwagika kila upande. Nami nilikuwa nimesimama, mdomo wazi ndani ya barakoa. Kosa ni hilo la kusimama: safu ya siafu unairuka kwa hatua ndefu na unaendelea. Ukiganda wanakufanya mti, na huhisi kitu mpaka wameshafika pazuri.

Wa kwanza alinipata nyuma ya goti. Wa pili sitasema. Nikacheza ngoma isiyo na sauti, mbele ya sokwe aliyeacha kutafuna akanitazama.

“Usijipige,” muongozaji akanong'ona. “Toka kwanza walipo, ndiyo uvue.”

Kujipiga hakusaidii kweli. Askari wa siafu ukimvuta kiwiliwili, kinakatika, kichwa kinabaki kimeuma. Dawa ni kumbana kichwani kwa kucha, mmoja mmoja, na hilo suruali hairuhusu.

“Mkwe, vua,” baba akasema.

“Baba, siwezi.”

“Vua! Porini hakuna ukwe.”

Alidhani naona haya. Haya nilikuwa nayo, lakini si ya miguu. Siku ya kupeleka posa, mzee aliniuliza swali moja tu: timu gani? Ukutani nyuma yake kulikuwa na kalenda ya Simba, na mzinga uliokuwa uani ulipakwa rangi nyekundu. Nikajibu Simba, baba, tangu utoto. Miaka minne nikawa Simba. Nilishangilia magoli yaliyoniuma kuliko siafu.

Nikavua. Boksa ilikuwa ya kijani, mkanda wa njano, na maandishi makubwa ya Yanga.

Mzee hakusema kitu. Akapiga goti, akaanza kuwabana vichwa kwa utulivu wa mtu aliyezoea kung'oa miiba ya nyuki, akivihesabu kwa sauti ya chini. Kumi na saba. Sokwe akachovya tena.

Tulipokuwa ndani ya boti tukirudi Kibirizi, alitazama maji muda mrefu. Nikaona nijitetee.

“Baba, ile boksa si yangu. Niliazima tu.”

“Sawa, mkwe,” akasema. “Na wale ng'ombe wa mahari, uliwaazima wapi?”