Kisima cha Mita Mia Tatu

Najua mmeshasikia. Rafiki yangu, ambaye kuanzia leo namwita Redio Mbao, ameshapita kote akisimulia kwamba nilikusanya mtaa mzima nyumbani kwangu nikataka kula elfu tano tano za watu kwa kisima hewa. Hela nilirudisha. Yote. Sasa nisikilizeni mimi niliyekuwa nimesimama pale na birika mkononi.

Mlio nami siku nyingi mnakijua kikundi chetu. Wanawake sita, sebule yangu Nkuhungu, hapa Dodoma, Jumamosi moja kwa mwezi. Tunasoma waandishi wanawake waliopenda wanawake wenzao. Tangazo mlangoni hatujabandika, tunaishi wapi mnajua. Jirani akiuliza, tunasoma fasihi. Tulianza na Audre Lorde, yule mshairi mweusi wa Marekani, tukalia mpaka kamasi, tukasema sasa tupate kitu cha zamani, chenye kashfa. Ndipo tukaangukia kwa Radclyffe Hall, The Well of Loneliness, ya 1928. Mahakama ya London iliamuru nakala ziteketezwe mwaka uleule. Mhariri mmoja wa gazeti aliandika kwamba ni heri ampe kijana sumu kuliko kumpa hiyo riwaya. Tukasema haya, humu mna mambo!

Jamani, hamna mambo. Mna farasi. Mna watu wanawinda mbweha, mna majonzi, halafu farasi tena. Lililowapandisha watu presha ni sentensi moja, kwamba usiku ule wale wawili hawakutengana. Ukipiga chafya umeipita.

Kwa lugha yetu tukaiita Kisima cha Upweke, na grupu letu la WhatsApp likaitwa Kisima. Grupu la mtaa nalo linaitwa Maji na Usafi. Kwenye simu yangu yamekaa jirani kama mtu na mkwewe. (Nyie mnaocheka mapema, ngojeni.)

Alhamisi usiku, macho nusu yamefunga, nikarekodi sauti. Maneno ninayo yote, maana Redio Mbao ameihifadhi na anawasikilizisha watu hadi kwenye daladala:

"Wapendwa, habari ya kisima. Tumeshafika mia mbili. Najua wengine mmekata tamaa, mnasema pakavu. Vumilieni. Nimeambiwa utamu wenyewe unaanzia mia tatu na kitu. Jumamosi saa kumi kwangu, na ile elfu tano msisahau. Stephen anatuhitaji."

Mia mbili ni kurasa. Elfu tano ni ya kutoa kopi. Stephen ni mhusika mkuu. Sasa chukua sauti hiyo uwapelekee watu wa Dodoma mwezi wa tisa, bomba linatoa upepo wiki ya pili, dumu la lita 20 linakuja kwa mkokoteni, na kila aliyechimba jirani kakutana na maji ya chumvi ambayo chai yake unaweza kulia ugali. Halafu uwaambie utamu uko mia tatu.

Simu ikaanza kulia. "Tupo pamoja." "Mungu akuzidishie dada." "Amina." Nikajisemea, leo kikundi kimechangamka. Amina! Nani kwenye kikundi changu amewahi kuandika amina? Nikaweka simu chaji nikalala.

Jumamosi wenzangu watano wamefika, zabibu ziko kwenye sahani, chai iko tayari. Hodi. "Mbukwenyi!" Mwenyekiti wa mtaa. Nyuma yake watu kama ishirini, akina mama na ndoo, mzee mmoja kashika vijiti viwili vya kupimia maji, na bibi wa nyumba ya tatu kabebewa kiti chake mwenyewe. Redio Mbao aliwatazama, akanitazama mimi, akaelewa kabla yangu. Akakimbilia jikoni.

Hapa naenda polepole, maana ndipo ninapoamkia usiku.

Mwenyekiti anakaa. Anavua kofia, anaiweka gotini. Anaona kopi mezani. Anatoa miwani mfukoni, anaifuta kwa ncha ya shati, jicho la kulia, jicho la kushoto. Anavaa. Kidole chake kinafuata kichwa cha habari nilichoandika mwenyewe kwa kalamu nene nyekundu.

"Kisima... cha... Upweke." Akanitazama juu ya miwani. "Upweke ni kata gani?"

Neno lililohitajika ni moja tu: kitabu. Mdomo wangu ukasema, "Uingereza."

"Ahaa." Akawageukia watu. "Mfadhili anatoka Uingereza." Makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele, ndoo ikaanguka. "Na huyu Stephen ndiye injinia?"

"Hapana, mwenyekiti. Stephen ni... ni mwanamke."

Kimya. Kifuniko cha birika kinagongagonga, nikagundua ni mkono wangu.

"Mwanamke anaitwa Stephen?"

"Baba yake alitaka wa kiume. Jina alishaliandaa."

"Hiyo ipo," bibi akasema kwenye kiti chake. "Ana mume?"

"Hana, bibi."

"Watoto?"

"Hana."

"Sasa anaishi na nani?"

Nikatazama dari. Jikoni sufuria ikadondoka. "Na rafiki yake. Wa kike."

Watu ishirini wananiangalia. Jasho lilishuka mpaka nikalisikia kwenye ndala. Bibi akatafuna zabibu, akaitema mbegu kwenye kiganja, akaiangalia.

"Ndiyo maana," akasema, "ana hela ya kuchimba kisima."

Wakina mama wote wakaitikia kwa kichwa, tena kwa uchungu.

Ningeendelea kuwa mfadhili mpaka leo kama mzee wa vijiti asingetoka kwenda uani. Vijiti vikainama. Watu wakashangilia, foleni ya mchango ikaanza. Vilikuwa vimeinamia shimo langu la choo. Nikapiga kelele: "NI KITABU! Ni hadithi! Hamna maji!"

Mengine yalienda haraka. Elfu tano zikarudi, wawili waligoma kupokea wakidhani nimepata bei nafuu kwingine, mwenyekiti akanipa ukatibu wa kamati ya maji kama adhabu, na Redio Mbao akatolewa jikoni akiwa amelowa machozi. Zabibu ziliisha.

Kiti cha bibi kilibaki. Jana kapita, nikadhani amekifuata, kumbe amekuja kukikalia.

"Yule Stephen na mwenzake hawajambo?"

"Wameachana, bibi. Mwishoni kabisa."

Akasikitika, akatikisa kichwa.

"Kisa maji?"